Vichupa Vitatu vya Mama ya Shofere

Siku ile, katika chumba cha wagonjwa kule Beni, tulikuwa watu sita na kuku mmoja. Niwataje wote, maana kila mmoja ana sehemu yake. Alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka tisa, amelala kwenye kitanda cha dirishani na sindano ya serumu, yaani dripu, mkononi. Alikuwepo shangazi yetu, aliyemleta kutoka shambani kwake Mbau akiwa amemfunga mgongoni kwa kitenge, mtoto mkubwa vile. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo shofere wa lori, ambaye malaria ilimwangusha kabla ya barrière ya kwanza, kizuizi cha wanajeshi barabarani, na karibu naye mama yake mzazi, Mwislamu wa Kasindi, na tasbihi yake isiyotoka vidoleni. Alikuwepo mwuguzi, ambaye kila mtu alimwita Docta na kila mara yeye alikataa. Nilikuwepo mimi. Na kuku alikuwa wa shangazi, zawadi ya Docta, amefungwa miguu chini ya kitanda, naye hakukubali jambo lolote lipite bila yeye kusema neno.

Majina siyaandiki. Hata pale ndani hatukuyatumia. Kituo kilikuwa kidogo, chumba kimoja kwa wote, na baada ya siku moja kila mtu alikuwa amepewa jina la hali yake. Mimi niliitwa Yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa mgonjwa aliniita hivyo. Yule mama akawa Mama ya Shofere. Shangazi akawa Mama ya Kuku, na hakupenda. Kiswahili chetu cha kule kinasema batu kwa watu, bitanda kwa vitanda na masasi kwa risasi, na kinachanganya Kifaransa: donc ni basi, mais ni lakini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na watoto watatu ambao sikuwazaa. Mama alitangulia, baba akafuata, nami nikaacha shule mwaka wa pili wa sekondari nikauza maharage katika soko la Butembo. Ulikuwa wakati wa uasi. Leo mji ulikuwa wa hawa, kesho wa wale, na sisi wa sokoni tulijua mabadiliko hayo kwa kuangalia nani anadai pesa ya sigara kwenye barrière. Shule zilipofungwa kwa sababu ya milio ya risasi, nilimtuma mdogo wangu kwa shangazi, Mbau, angalau ashibe mihogo. Wadogo zangu wawili wa kiume nikabaki nao.

Sikufikiria mbu. Butembo kuna baridi, na mtoto wa Butembo akishuka Beni na Mbau, malaria inamkuta kama mgeni asiyejua njia. Ujumbe ulinifikia kwamba amepoteza fahamu na kutetemeka. Niliacha maharage kwa wale wavulana, wa miaka kumi na miwili na kumi, nikapanda lori la kwanza.

Nilipofika alikuwa anafumbua macho, lakini hakunijua. Docta alisema malaria imepanda kichwani, atapewa kwinini kwa mshipa, chupa baada ya chupa, siku tatu.

Asubuhi ya siku ninayoisimulia, saa tatu kasoro, alikuja na chupa mpya. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye saa ya mkononi iliyokatika mkanda, ambayo aliifunga kwenye kitufe cha koti kwa uzi wa viatu. Akasimama mbele ya kitanda kama hajawahi kutuona.

"Mugonjwa ni nani?"

"Eh, Docta!" shangazi alisema. "Si huyu? Jana ulishinda naye."

"Mimi hapana docta, mimi ni enfirmié. Na jana ilikuwa jana. Jina?"

Nikataja jina la mtoto.

"Jina ya baba?"

Nikataja la baba. Mwaka mzima nilikuwa sijalisikia likisemwa kwa sauti, na sasa mtu huyu alinifanya nilitaje kila saa nane.

"Docta, hii namba kwa ukuta si inatosha?" Mama ya Shofere aliuliza. "Moja, mbili. Tuko babili tu."

"Mama, siku ya masasi batu balisukuma bitanda yote kule nyuma. Namba ilibaki kwa ukuta, bagonjwa balienda na bitanda. Donc mimi hapana amini ukuta. Naamini jina."

Aliosha mikono, akasoma maandishi ya kichupa cha kwinini kwa sauti alipokitoa kwenye boksi, akayasoma tena alipokivunja, na mara ya tatu kabla ya kukitupa. Alipunguza ile chupa ya serumu ya sukari mpaka zikabaki mililita mia mbili na hamsini, akaingiza dawa, akaitikisa polepole. Akaacha maji yajaze mpira wote, akiupiga kwa kucha ili mapovu ya hewa yapande. Halafu akapima mshipa kwa maji kidogo matupu, macho yake yakiwa kwenye ngozi, kuona kama inavimba. Mimi nilifikiri anatafuta sifa. Watu wa soko hatupendi mtu anayehesabu pesa mara tatu.

Mwisho alibandika kipande cha sparadra, ile plasta ya vidonda, kwenye chupa, kutoka juu hadi chini, akachora mistari minne.

"Mustari ya kwanza, saa ine. Ya pili, saa tano. Ya tatu, saa sita, kengele ya parokia. Ya mwisho, saa saba, Mama ya Shofere amekwisha kusali adhuhuri. Hata kama mutu hana saa, masikio iko nayo." Akashika kile kigurudumu kidogo cha plastiki kwenye mpira, kinachobana matone, akaweka saa karibu na matone, akahesabu. "Makumi mbili na moja kwa dakika. Hapa batu hapana gusa."

"Na kama mutu anataka ikimbie kidogo?" shangazi aliuliza. Kwetu serumu ilikuwa kama chakula. Mtu akitiwa serumu, majirani wanasema sasa atapona, na ikiisha haraka, basi amepona haraka.

"Ikimbie iende wapi?" Docta alisema. "Hii si uji. Kwinini ikiingia mbio, damu inateremuka, sukari inateremuka, moyo inapotea njia."

Akaenda zake kwa wajawazito, nyumba ya pili.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka kama saa tano. Mstari wa pili uliguswa kwa wakati wake. Mtoto alinikamata kidole. Mama ya Shofere alinihadithia jinsi mwanawe alivyopita Kasindi na mzigo wa sabuni, wanajeshi wakamwambia afungue kila boksi waone kama kuna silaha, wakaridhika walipobaki na boksi nne.

Ndipo lori likaanza kupiga honi barabarani.

Lilikuwa la mtu wa ukoo wa Mama ya Shofere, limebeba chumvi kwenda Butembo, na mama alikuwa amempelekea habari zangu. Mtu wake alikuja mpaka dirishani, hakuingia hata.

"Mama, shikamoo. Yaya wa Butembo ni nani? Banasema leo saa sita barrière inafungwa. Hapana jua itafunguliwa siku gani. Kama anaenda, aende sasa. Nafasi iko moja, juu ya chumvi."

"Bale batoto yako kule iko na nani?" Mama ya Shofere akaniuliza.

"Bao wenyewe."

"Na kama masasi inaanza?"

Mawazo yangu yalikuwa tayari barabarani. Nilipanga hivi: dawa iishe, nimwone mtoto amemaliza chupa yake, nimwachie shangazi, nipande. Kilichonizuia ilikuwa ile chupa, na ile chupa ilikuwa imejaa nusu na ilikuwa inadondoka kama bomba la mtu bahili. Shangazi alikuwa amegeuka kumpa kuku maji. Nikaweka kidole gumba kwenye kigurudumu, nikakisukuma juu kidogo. Matone yakaharakisha. Honi ikalia tena. Nikasukuma tena, na matone yakawa uzi.

Nilijisikia mwerevu. Hilo ndilo ninalolikumbuka vizuri kuliko yote. Nilikunja kitenge changu, nikatafuta viatu, nikamwambia yule mtu wa dirishani angoje kidogo tu.

Mama ya Shofere ndiye aliyeona. Alikuwa na tabia ya kusikiliza kengele kwa kusimamisha tasbihi, na sasa vidole vyake vilisimama bila kengele.

"Yaya. Parokia haijapiga."

"Bado, mama."

"Mais dawa imekwisha kupita mustari ya parokia."

Nikamtazama mdogo wangu. Jasho lilikuwa limejaa juu ya mdomo wake, jasho la baridi. Mkono wake ulikuwa umeachia kidole changu na mimi sikugundua. Nikamwita. Alifungua macho nusu, yakapita juu yangu kama ninavyompita mtu nisiyemjua sokoni.

Sikumbuki nani alipiga kelele. Huenda ni kuku. Docta aliingia mbio, koti likiwa na damu ya uzazi wa watu, na kabla hajauliza neno alifunga kigurudumu kabisa. Hakung'oa sindano, mshipa aliuacha wazi. Akavua glovu zile, akamwaga maji mikononi, akaweka vidole kwenye mkono wa mtoto na macho kwenye saa ya kitufeni.

"Nani amegusa hii?"

Shangazi, maskini, ambaye hakuona chochote, alifikiri anaulizwa yeye.

"Ni kuku, Docta. Aliruka."

"Kuku. Amefungwa miguu. Aliruka, akazungusha kigurudumu, akarudi kulala chini ya kitanda."

"Kuku ya Mbau iko na akili, Docta."

"Mama, sikiliza. Mimi hapana tafuta mutu wa kupiga. Natafuta hesabu. Dawa imeingia ngapi, tangu wakati gani? Kama sijue, natibu giza."

Dirishani honi ililia mara ya tatu. Ningeweza kunyamaza. Shangazi alikuwa amekwisha kunifungulia njia, na kuku asingekataa. Lakini yule aliyelala alikuwa wangu, na mtu pekee aliyekuwa na hesabu katika chumba kile alikuwa mimi.

"Ni mimi," nilisema. "Nilifungua mara mbili. Ya kwanza, dawa ilikuwa imeshuka chini ya mustari ya pili, upana wa kidole. Ya pili ni baada ya honi. Tangu pale Mama ya Shofere alizungusha tasbihi kama mara nne."

"Tano," alisema Mama ya Shofere.

Docta alitazama chupa, akapima kwa jicho. Hakunitukana. Aliniamuru niinue miguu ya mtoto juu ya mto, akafunga mkanda wa pressioni, wa kupimia nguvu ya damu, kwenye mkono wa pili, akausikiliza, akaguna. "Imeteremuka, mais hapana sana. Hii jasho ni sukari. Napaswa kumupa sukari ya nguvu kwa mushipa, sasa hivi." Akafungua sanduku la dharura lililokuwa ukutani, likawa tupu, akalifunga tena. Watu wenye bunduki walikuwa wamepita wiki ile iliyotangulia, nao walipenda sana masanduku.

Mama ya Shofere alikuwa ameshavuta mfuko wa plastiki kutoka chini ya mto wa mwanawe. Enzi zile kila familia ilinunua dawa zake na kuzilalia. Ndani mlikuwa na vichupa vitano vya kioo, vyote na maji meupe, vyote ndugu.

"Ni ya mutoto yangu, kama sukari yake itateremuka," alisema. "Chukua."

"Mama," mwanawe alisema kutoka kitandani, sauti yake ndogo, "na mimi?"

"Wewe uko na mudomo ya kuuliza. Ule hana."

Hata pale, mdogo wangu akiwa vile, Docta alivichukua kimoja kimoja akavisoma. Nilitaka kumtikisa. "Sukari. Sukari. Hii ni maji ya kuchanganya, hapana. Sukari. Hii..." Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Maandishi yalikuwa yamefutika kwa jasho la mto. "Hii haisomeke. Sitaki." Akakirudisha mfukoni. Kama angefumba macho na kunyakua vitatu, angeweza kumpa mtoto wangu maji matupu na kunihakikishia kwamba ni sukari. Hapo nikaelewa kwa nini mtu anahesabu pesa mara tatu.

Akavuta vitatu kwenye bomba la sindano, akaongeza maji safi ili isiunguze, akatoa hewa. "Jina?"

"Docta!"

"Jina."

Nikataja. Na la baba. Akapima tena kama sindano bado imo ndani ya mshipa, akaanza kusukuma. Alisukuma polepole kiasi kwamba nilitamani kumsukuma yeye. Anasukuma kidogo, anatazama ngozi, anatazama uso, anatulia. Nje, mtu wa chumvi aliuliza kwa mara ya mwisho. Mama ya Shofere akatoka, nikamsikia akimwambia apeleke mikate miwili kwa watoto fulani Butembo, nyuma ya soko, awaambie dada yao ana kazi.

Lori likaondoka. Kengele ya parokia ikapiga. Docta alikuwa bado hajamaliza.

Mdogo wangu alifungua macho, akayazungusha chumbani, akayaleta kwangu yakakaa.

"Yaya."

"Niko."

"Ile kuku tutakula wakati gani?"

Shofere alicheka mpaka akakohoa. Shangazi alikaa chini sakafuni, akalia kwa furaha, kuku akilalamika kwenye sketi yake.

Docta alivua saa kutoka kwenye kitufe, akaniwekea mkononi. "Chupa ingine naanza magaribi. Mimi naweka, wewe unahesabu. Kila nusu saa, dakika nzima. Ikiwa makumi mbili na mbili, hapana gusa: niite."

"Docta, mimi niliacha shule."

"Uliacha mbele ya kufundishwa kuhesabu mpaka makumi mbili na moja?"

Basi nilihesabu. Siku mbili zilizobaki nilihesabu mpaka matone yakaniingia usingizini. Nilihesabu na ya shofere pia, kwa sababu nilikuwa na hofu juu yake kuliko hata nafsi yangu, kila jasho lililotokea kwenye paji lake nililipangusa na kumwita Docta, mpaka shofere akasema, "Yaya, jua linawaka, mimi ni mutu, niache nitoke jasho." Sukari yake haikushuka. Ningesimamaje mimi mbele ya mama yule kama ingeshuka, sijui.

Waliondoka kabla yetu. Mama ya Shofere alikunja mkeka wake, akanishika mabega.

"Bichupa tatu, Yaya. Franga sitaki. Franga zinabadilika kila serikali. Bichupa."

"Nitaleta, mama."

"Kasindi, nyuma ya musikiti. Uliza tu Mama ya Shofere, batakuonyesha."

Barrière ilipofunguliwa, nilimrudisha mtoto Butembo. Wale wavulana walikuwa wazima. Mikate ilifika. Maharage yangu walikuwa wameyapika yote pamoja na watoto wa jirani, na wakaniambia bila haya kwamba biashara ilikwenda vizuri.

Ilinichukua miezi kadhaa kuvipata vichupa vitatu vya namna ile ile. Nilivifunga kwa pamba ndani ya kopo la maziwa, nikashuka Kasindi juu ya mzigo wa vitunguu. Nyuma ya msikiti nikabisha mlango wa kwanza.

"Natafuta Mama ya Shofere."

"Ni mimi," alisema mwanamke niliyekuwa sijamwona maishani. Mlango wa pili: "Ni mimi, karibu." Wa tatu walikuwa wawili, mtu na wifi yake. Ni Kasindi, jamani. Malori yanalala pale kama ng'ombe. Nani pale si mama wa shofere? Nikawaeleza: mrefu kidogo, ana tasbihi. Wote walikuwa na tasbihi. Mwanawe aliugua Beni. Nani hajaugua Beni?

"Leta tu," alisema mmoja, mchangamfu. "Mimi pia niko na mutoto shofere."

Mzee mmoja mwenye duka la kubadilisha pesa alinihurumia. "Mwanangu, mutu hatafutwe hivi. Jina yake ni nani? Basi, jina ya baba yake?"

Nikasimama pale na kopo langu mkononi. Siku tatu nililala mita mbili kutoka kwa mwanamke yule. Kila alipoletewa dawa ya mwanawe, Docta aliuliza jina, na jina la baba, na yule mama alijibu kwa sauti, nami nilikuwa nahesabu matone. Nilicheka mpaka yule mzee akaniletea kiti.

Nimerudi Kasindi mara nyingi tangu hapo, na bado nauliza. Vichupa havidumu, vina tarehe. Kila vinapokaribia kuisha muda, navipeleka kituo cha afya cha jirani vitumike, nanunua vingine siku hiyo hiyo. Mdogo wangu sasa ana watoto wake, na akifungua kabati langu hunicheka: "Yaya, hata leo?"

Hata leo. Kopo liko juu, mbali na jiko. Huwa navisoma nikivitoa, na nikivirudisha. Vitatu, vyote vinasomeka, na hakuna hata kimoja kilicho changu.